Nataka kuumaliza mwaka kimya, nianzie wapi? (mrejesho upo ndani ya uzi)

MfungaHesabu, Desemba 26, saa 3 usiku

Wakuu, salaam.

Mimi ni mhasibu. Desemba kazi yangu ni kufunga vitabu: kila shilingi iliyotoka nieleze imekwenda wapi. Juzi nimekaa na faili mpaka saa 5 usiku natafuta tofauti ya shilingi elfu 14. Nilipoipata nikafurahi kama mtu aliyeiokota barabarani. Kwenye daladala narudi nyumbani ndipo likanijia swali: hivi vitabu vyangu mwenyewe nimewahi kuvifunga lini?

Miaka saba sasa naingia mwaka mpya kwa namna ileile. Mkesha, spika, saa 6 kasoro dakika tano watu wote "vuka, vuka", tunavuka. Tarehe 2 niko vilevile nilivyokuwa, tofauti ni kwamba sauti imekauka. Sisemi mkesha mbaya, mimi ndiye sitoki na kitu.

Mwaka huu nataka siku tatu za kimya, tarehe 30 hadi tarehe 1. Simu imezimwa, nakaa natafakari. Jana nimejipima: kiti cha jikoni, macho nimefumba, nahesabu pumzi, dakika 10. Dakika ya kwanza safi. Ya pili ikaja ada ya mtoto. Ya tatu kikoba. Ya nne goti. Ya tano nililala, nikaamshwa na king'ora cha gari la jirani.

Waliowahi kupita njia hii nisaidieni. Mawazo yakija kama wadeni mnafanyaje? Halafu kuna la nyumbani: Mama yuko Tukuyu, tarehe 31 ananisubiri twende mkesha kanisani kwetu Moravian. Nikimwambia mwanao mwaka huu anakaa kimya chumbani, ataita wazee wa kanisa.

kaka_wa_wote, Desemba 26, saa 3 usiku

Nimetandika mkeka hapa, nawasubiri wataalamu.

SautiYaNyika, Desemba 26, saa 4 usiku

Mleta mada, kuwa makini sana. Haya mambo ya kufumba macho na kuhesabu pumzi yametoka Mashariki ya mbali. Ukishaiacha akili tupu umefungua mlango, na hujui anayeingia. Mkristo anaomba, hakai kama gogo. Nimemaliza.

MfungaHesabu, Desemba 26, saa 4 usiku

Mkuu nakuelewa, na hilo ndilo litakalokuwa neno la kwanza la Mama. Ila tusome vizuri. Mwanzo 24:63, Isaka alitoka kwenda kutafakari kondeni wakati wa jioni. Neno ni hilohilo, kutafakari, limo kwenye Biblia yetu tangu tunazaliwa. Zaburi ya 46 nayo: "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Acheni! Mimi sijawahi kuacha hata dakika mbili. Na akili yangu kuwa tupu ndugu yangu usiihofie, umeona mwenyewe orodha ya waliokuwemo.

kaka_wa_wote, Desemba 26, saa 4 usiku

Goti nalo limeingia kwenye orodha 😂

NilikuwaNovisi, Desemba 26, saa 5 usiku

Niliishi kwenye nyumba ya watawa miaka minne kabla sijaona wito wangu ni mwingine (sasa nina watoto watatu, kimya nakisikia kwenye bomba tu). Naomba nikupe mambo ya mikono, theolojia tuwaachie wengine.

Usianze na siku tatu. Mtu ambaye hajakaa kimya dakika 10 akijifungia siku tatu, ya pili anapiga simu kwa kila mtu. Sisi tulipoingia tulianza na robo saa asubuhi, na mafungo yetu ya kwanza yalikuwa siku moja. Yale Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Ignas wa Loyola ya siku 30 yapo, lakini hayafanywi peke yako. Kuna mtu wa kukuongoza kila siku, unamweleza yanayotokea.

Kiti cha jikoni ni sawa kabisa. Nyayo zote mbili sakafuni, mgongo usiegemee, mikono juu ya mapaja. Goti likiuma lisogeze, hakuna anayekupa maksi. Vuta pumzi, toa, hesabu moja. Ukifika kumi rudi moja. Ukipotea ukajikuta umefika ishirini na saba, rudi moja bila kujitukana. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. Novisi wengi, yaani watawa wanaoanza, hudhani wameshindwa kwa sababu wamepotea, kumbe anayepotea mara arobaini akarudi mara arobaini amefanya kazi nyingi kuliko aliyekaa akasinzia kwa amani.

Mawazo ni kama kuku wa jirani aliyeingia sebuleni. Ukimfukuza anazunguka nyumba nzima na kuangusha vyombo. Acha mlango wazi, endelea na yako, atatoka.

Na kwa kuwa wewe ni mhasibu, Ignas alikuwa na zoezi utalipenda. Jioni unaipitia siku yako: unashukuru, unaomba mwanga wa kuona, unaipitia saa kwa saa, unaomba msamaha panapostahili, unaangalia kesho. Sisi tuliita kutafiti dhamiri. Kwa mwisho wa mwaka unafanya hivyohivyo mwezi kwa mwezi, Januari mpaka Desemba. Chukua daftari. Mwezi unaoruka haraka bila kuandika kitu, rudi hapohapo.

MfungaHesabu, Desemba 26, saa 6 usiku

Sista wangu wa zamani, ubarikiwe. Hiyo sentensi ya mwisho imenikaa vibaya, maana tayari najua mwezi gani nitauruka.

AbuuRayyan, Desemba 27, baada ya alfajiri

Assalaam alaykum wote. Nianze kwa kuweka sawa: tarehe 1 Januari kwetu haina ibada yake. Mwaka wetu unaanza Muharram, na hesabu ya miaka ya Hijra iliwekwa rasmi katika ukhalifa wa Umar bin Khattab. Lakini huyohuyo Umar imepokewa kuwa alisema, "Zihesabuni nafsi zenu kabla hamjahesabiwa." Jambo hili tunaliita muhasaba, na halisubiri Desemba. Kabla ya kulala unaiuliza nafsi: leo umefanya nini, umesema nini, mkono umegusa nini.

Bwana MfungaHesabu atanielewa upesi. Katika toba wanazuoni wametaja masharti: uiache dhambi, ujute, uazimie kutorudi. Hayo ni kwa dhambi baina yako na Mola. Ikiwa ndani yake mna haki ya mtu, linaongezeka la nne, haki irudi kwa mwenyewe. Unaweza kukaa ukalia juu ya msala mpaka msala ukalowa, shilingi ya watu iko mfukoni mwako, hapo hesabu haijafungwa.

kaka_wa_wote, Desemba 27, saa 2 asubuhi

Ustadh kaja na rungu asubuhi asubuhi.

Njaanuari_ni_yetu, Desemba 27, saa 4 asubuhi

Majirani, niko Nakuru. Huku kwetu kesha ni kesha, vuvuzela, fataki, mtu anatabiriwa gari na hana hata baiskeli. Halafu inaingia Njaanuari. Mtu anafunga bila kupanga, anakaa kimya kwa sababu hana bando. Nimekuwa nikitafakari miaka mingi kumbe, sikujua tu jina lake.

Lakini mzee, swali la ukweli. Hii kutafakari italeta karo?

MfungaHesabu, Desemba 27, saa 4 asubuhi

Haileti hata senti. Nimefanya dakika 15 leo alfajiri kama alivyoelekeza Novisi. Nilipotea, nikarudi, nikapotea. Ada bado ileile. Kilichobadilika ni kwamba nimetoka nyumbani bila kumfokea mtu kuhusu kiatu kilichopotea. Mke wangu ameuliza kama naumwa.

BintiMakunduchi, Desemba 27, saa 8 mchana

Jamani, mbona mnazunguka mbali na jambo lipo hapa kwetu?

Sie Makunduchi, kusini mwa Unguja, tuna mwaka wetu, unaingia Julai, ule mwaka wa zamani wa Kiswahili wa siku 365 unaoitwa Nairuzi. Watu wa nje wanaita tamasha. Sie twasema Mwaka Kogwa, yaani kuoga. Mwaka unaogwa! Asubuhi watu wanashuka pwani wanaoga, wanauacha mwaka uliopita ndani ya maji. Siku ya mwisho ya mwaka wa zamani ina jina lake, kibunzi, na nikiwauliza vijana wa leo hawalijui.

Watalii wanakuja na kamera kupiga picha wanaume wanavyopigana kwa migomba, upande huu na upande ule, kwa vishindo kwelikweli. Wanadhani ndio mchezo wetu. Bibi yangu alinieleza hivi: uliye na kinyongo naye, umalizane naye pale. Unampiga mgomba, anakupiga mgomba, mnatukanana mpaka basi, halafu mnakwenda kula pamoja. Kinyongo hakivuki. Wanawake nao wanaimba, na humo kwenye nyimbo mtu anaambiwa yake yote aliyoyafanya mwaka mzima, hadharani, huku watu wanacheka. Kisha kinachomwa kibanda cha makuti, na mtu yumo ndani, anatoka mbio moto ukiwaka. Moshi unatazamwa unaelekea wapi.

Halafu ndio kula, na siku hiyo nyumba isiyo na mgeni inaonekana imepungukiwa. Mgeni yeyote, hata usiyemjua.

Kwa hiyo kaka yangu wa Tukuyu, nakuuliza. Wewe unataka kuingia chumbani peke yako ujisafishe. Utapigana migomba na nani humo ndani?

kaka_wa_wote, Desemba 27, saa 8 mchana

Uzi umefikia patamu. Mgomba huo ni wa MfungaHesabu kabisa.

SautiYaNyika, Desemba 27, saa 9 alasiri

Hayo ya kutazama moshi mimi siyaungi mkono. Lakini la kinyongo kutovuka mwaka, dada amesema kweli. Mathayo 5, kama unatoa sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale, nenda kwanza ukapatane naye.

BahariaWaChumbageni, Desemba 27, saa 2 usiku

Naona nimechelewa, nilikuwa bandarini. Dada wa Makunduchi umenikumbusha kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Machi 2018 nilishuka meli Bali, Indonesia, mkataba umeisha nasubiri ndege ya kurudi. Hotelini wananiambia kesho hakuna ndege, hakuna teksi, hakuna kutoka nje, ni mwaka mpya wao. Wabali wengi ni Wahindu, wana kalenda yao inaitwa Saka, na siku ya kwanza ya mwaka inaitwa Nyepi. Nikasema labda wanatania. Uwanja wa ndege ulifungwa saa 24. Uwanja wa kimataifa, tena wa kisiwa kinachoishi kwa watalii! Mwaka ule walizima mpaka intaneti ya simu, na waliniambia ilikuwa mara ya kwanza.

Kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 asubuhi ya pili yake hakuna kuwasha moto wala taa, hakuna kazi, hakuna safari, hakuna starehe. Hospitali zinaendelea, basi. Walinzi wa kijiji wanaitwa pecalang, wanatembea barabarani peke yao kuangalia nani ametoka. Wengine wanafunga kula na hawazungumzi siku nzima. Sisi wageni tuliambiwa tufunge mapazia.

Nilikuwa na hasira mpaka kama saa 8 mchana. Nilishalala, nikaamka, nikalala tena. Halafu nikaanza kusikia. Jogoo wa mbali. Mtu anakohoa nyumba ya tatu. Usiku nikafungua pazia kidogo, nikaona nyota ambazo zamani nilikuwa naziona katikati ya bahari tu, na hapa niko mjini.

Sasa kinachofanana na Makunduchi ni hiki. Siku chache kabla ya kimya wanakwenda baharini kwa maandamano, wamebeba vyombo vyao vya ibada kuvitakasa kwa maji. Na usiku wa kuamkia Nyepi ni makelele matupu. Wanatengeneza masanamu makubwa ya mashetani, meno nje, wanaita ogoh-ogoh, wanayazungusha mtaani kwa ngoma na mienge, mengine yanachomwa moto. Nilimuuliza mzee wa mapokezi kwa nini, akasema huwezi kukaa kimya na shetani wako bado yumo ndani ya nyumba. Mtoe kwanza kwa kelele, kisha kaa.

Tangu hapo sijawahi kuwacheka watu wa mkesha.

MfungaHesabu, Desemba 27, saa 4 usiku

Baharia na Binti Makunduchi mmenivuruga. Mimi nilikuja hapa kukimbia kelele, nyie mnaniambia kelele ni nusu ya kazi.

Nimefanya zoezi la daftari. Januari hadi Juni nimejaza kurasa. Julai nimeruka. Nimerudi kama nilivyoagizwa. Nitawaambia nikiwa tayari.

nesi_zamu_ya_usiku, Desemba 28, saa 9 usiku

Niko zamu, nimesoma uzi wote. Naongeza tahadhari moja ambayo sijaiona.

Kutafakari kwa kuhesabu pumzi kumeshaingia hospitalini, si jambo la dini pekee. Mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha darasa la wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu na msongo wa mawazo, na mtindo huo umeenea. Unasaidia watu wengi kutulia na kulala. Lakini siyo kila mtu. Aliyepitia jambo zito, kubakwa, ajali, kufiwa kwa ghafla, au aliyewahi kuugua akili, akijifungia kimya kwa muda mrefu mambo yanaweza kumrudia yote kwa pamoja. Huyo aanze na dakika chache, macho wazi, awe na mtu anayejua alipo. Akiona usingizi umekatika siku kadhaa au anasikia sauti, aache na aje hospitali. Dawa ulizoandikiwa usiziache eti kwa sababu umeanza kutafakari. Nimewapokea wa namna hiyo.

Haya, kuna mtu ananiita wodini.

NilikuwaNovisi, Desemba 28, saa 12 asubuhi

Nesi asante. Hili lilipaswa kuwa la juu kabisa.

MfungaHesabu, Desemba 28, saa 1 jioni

Nimekata tiketi. Kesho alfajiri naondoka stendi ya Mbezi. Mkesha naenda. Chumba cha kimya nimekifuta, nitakaa asubuhi na jioni nusu saa nusu saa huko nyumbani, basi.

kaka_wa_wote, Desemba 28, saa 1 jioni

Safari njema mkuu. Usitusahau kwenye mrejesho, mkeka hatuukunji.

Njaanuari_ni_yetu, Januari 1, saa 3 asubuhi

Heri ya mwaka mpya nyote. Fataki hapa zimepigwa mpaka mbwa wangu amejificha chini ya kitanda na mimi. Mhasibu yuko wapi?

MfungaHesabu, Januari 1, saa 11 jioni

Nipo. Mtandao huku unakuja na kuondoka na ukungu. Mrejesho ni mrefu, vumilieni.

Nilifika tarehe 29 usiku, mvua. Tukuyu haijui kunyesha kidogo. Mama kanipokea na chai na viazi, akaniuliza mbona nimekonda, na mimi nimeongezeka kilo sita.

Tarehe 30 alfajiri nikatoka barazani na kiti changu. Nyayo sakafuni, mgongo wima. Moja, mbili. Sikufika tatu. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata pumzi yangu sikuisikia.

Sasa hayo mabati. Hapo ndipo Julai ilipo.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Julai mwaka huu tuliezeka upya nyumba ya Mama, lile paa la zamani lilikuwa linavuja chumbani kwake. Tulikubaliana na kaka yangu tugawane nusu kwa nusu, laki saba na ufundi wake. Yeye ana duka dogo la mbolea hapahapa mjini. Mimi niko Dar, nina mshahara. Siku ya kulipa fundi nikamwambia tanguliza, nakutumia mwisho wa mwezi. Akakopa kwenye kikundi chao akalipa yote. Mwisho wa mwezi sikutuma. Agosti sikutuma. Septemba akanikumbusha mbele ya shangazi, nami kwa aibu nikasema nilishatuma, labda wakala alikosea namba. Nikasema uongo mbele ya shangazi, mimi, mtu wa elfu 14.

Tangu siku hiyo hatuongei. Watu wa nyumbani wanajua ni yeye mkorofi.

Hivyo nikakaa chini ya yale mabati nusu saa, na kila tone lilikuwa linanisomea risiti. Nilijaribu kumwacha yule kuku wa Novisi atoke mwenyewe. Huyu hakutoka. Alipanda mezani.

Mkesha. Wakuu, nimekwenda mikesha ya kanisa letu tangu nikiwa mgongoni, sikuwahi kuisikiliza. Kabla ya nyimbo na matarumbeta, katibu alisimama akasoma mwaka wa usharika: waliobatizwa wangapi, waliofunga ndoa, waliohama, waliofariki kwa majina. Kila jina tukinyamaza kidogo. Kisha mapato na matumizi, mpaka bei ya saruji ya choo cha kanisa. Nilikuwa nimekaa hapo natoa macho. Vitabu vinafungwa mbele yangu kila tarehe 31, na mimi kila mwaka nilikuwa nje napokea simu nikisubiri saa 6.

Nilimuuliza Mama nyumbani, akasema imekuwa hivyo tangu zamani, wazee walisomewa hivyo. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na huko kwao Ujerumani kusoma kumbukumbu za mwaka usiku wa mwisho ni desturi ya kale. Ana kakitabu kake ka neno la kila siku ambako hakaachi hata akienda shambani. Hayo maneno yanachaguliwa kwa kura ya bahati huko Herrnhut, Ujerumani, miaka kadhaa kabla, na kitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Kila asubuhi anasoma mstari mmoja, anakifunga, anakaa anaangalia migomba kama robo saa. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote. Nilidhani anapumzika.

Nilipomwambia, "Mama, kumbe wewe unatafakari," akasema, "Mimi nasikiliza tu, mwanangu. Kutafakari ni kwa waliosoma."

Kaka alikuwepo kanisani, benchi la tatu mbele yangu. Saa 6 watu walipokuwa wanapeana mikono nilikwenda mpaka nyuma ya mgongo wake. Nikarudi kukaa.

BintiMakunduchi, Januari 1, saa 1 usiku

Ukarudi kukaa!!! Na mgomba ulikuwa nao mkononi!

AbuuRayyan, Januari 1, saa 3 usiku

Mlango haujafungwa, kaka. Kukiri hapa mbele ya watu wasiokujua ni jambo, lakini mwenye haki hayumo kwenye uzi huu.

SautiYaNyika, Januari 1, saa 3 usiku

Na shangazi asisahauliwe. Uongo ulisemwa mbele yake.

MfungaHesabu, Januari 4, saa 2 usiku

Leo nimekwenda dukani kwake. Nilikaa kwanza nusu saa asubuhi, barazani, mvua imekata, kwa mara ya kwanza nikafika kumi mara nne mfululizo. Nikasema nikingoja nitulie zaidi nitatulia mpaka likizo iishe.

Nilimkuta anapima mbolea. Nikasalimia, "Ugonile." Akaitikia bila kunitazama. Nilikuwa nimepanga hotuba, imepotea yote. Nikasema, "Kaka, ile pesa sikutuma. Wakala hakukosea." Akaendelea kupima mpaka mteja akaondoka. Kisha akasema, "Najua. Nilikwenda kwa wakala Septemba ileile."

Alijua miezi yote hiyo, na hakumwambia Mama.

Nilitegemea anitukane, na ningefurahi angenitukana. Alinipa kigoda, akaendelea kuhudumia wateja, nikakaa pale kama saa nzima hatuongei. Baharia, hicho ndicho kimya nilichokipata Januari hii, ndani ya duka la mbolea, harufu imeniingia mpaka kwenye koti. Baadaye nikampigia shangazi simu hapohapo, spika wazi. Shangazi kanipa maneno ya Kinyakyusa ambayo siyatafsiri hapa, kuna watoto wanasoma.

BintiMakunduchi, Januari 4, saa 2 usiku

Huo sasa ndio mgomba. Shangazi apewe zawadi.

kaka_wa_wote, Januari 4, saa 3 usiku

Nimesoma nikiwa kwenye foleni ya benki, nimecheka halafu nikanyamaza. Na mimi kuna mtu natakiwa nimpigie. Ngoja.

Njaanuari_ni_yetu, Januari 5, saa 1 asubuhi

Kaka wa wote ameacha utani, Njaanuari imewiva.

NilikuwaNovisi, Januari 18, saa 4 usiku

MfungaHesabu, wiki mbili zimepita. Bado unakaa, au kiti kimerudi jikoni?

MfungaHesabu, Januari 19, saa 12 asubuhi

Kiti kimerudi jikoni na ninakaa hapohapo jikoni. Dakika 15, saa 11 na nusu alfajiri kabla watoto hawajaamka. Siku tano nimekosa, mbili nimelala nimekaa. Jumatano nilimfokea mtoto kwa sababu ya kiatu, kwa hiyo msinichoree picha ukutani. Usiku naandika mistari mitatu kwenye daftari. Goti bado.

AbuuRayyan, Januari 19, saa 2 asubuhi

Na ile laki tatu na nusu?

MfungaHesabu, Januari 19, saa 2 asubuhi

Nimetuma laki moja na nusu tarehe 10, ya kutolea juu yangu. Amejibu "Ndaga", yaani asante, basi. Imebaki laki mbili, mwisho wa mwezi.